Kijana, Kakati na Kemia ya Jikoni

Jumapili moja alasiri, kijana tunayekaa naye ploti moja hapa Umoja alibisha mlangoni kwangu akiwa amekumbatia mkebe wa rangi. Ndani ya mkebe mlikuwa na mmea wa kijani uliosimama wima kama mshumaa, wenye mbavu tano na miiba miwili miwili kwenye kila ukingo. Kijana huyu alimaliza kidato cha nne miaka miwili iliyopita, akapata B ya kemia, karo ya chuo ikakosekana, na sasa anauza vikasha vya simu katikati ya jiji. Mtaani huku huniita Mwalimu kwa sababu ndiyo kazi niliyostaafu nayo.

"Mwalimu, nina swali, lakini usinifikirie vibaya," alisema hata kabla hajaketi.

Alitaka kujua jinsi watu wanavyotoa alkaloidi, aina fulani ya kemikali za mimea, ndani ya kakati. Alikuwa amesoma habari za meskalini, kemikali iliyomo katika aina fulani za kakati za Amerika, ambayo humfanya mtu aone mambo yasiyokuwepo. Mmea aliukuta kwa wauza miche wa Ngong Road, akatoa shilingi 400. Alisisitiza kwamba hana haja ya kulewa. Haja yake ilikuwa kukiona kitu kilichofichika ndani ya mmea kikitoka, kikikauka, kikiwa fuwele.

Nilimwamini, na sababu ni maswali aliyoyaleta. Kwa nini alkaloidi nyingi ni chungu? Mmea unazitengeneza kwa faida gani yake wenyewe? Kwa nini kila moja ina nitrojeni? Mtu anayetafuta kilevi hana wakati wa nitrojeni.

Kisha nikaukwaruza ule mmea kwa ukucha, ukatoa maziwa.

Haukuwa kakati. Ulikuwa mmea wa jamii ya mnyaa, jamii ambayo wataalamu huiita Euphorbia, na ambayo imejaa katika nyika zetu toka Kajiado hadi Baringo. Kakati ni mimea ya Amerika. Katika jamii nzima ya kakati ni aina moja tu inayoota yenyewe Afrika, Rhipsalis, nayo haina sura ya kakati hata kidogo: huning'inia kwenye matawi ya miti mikubwa kama nyuzi za kijani. Kwa hiyo ule mti mkubwa wenye matawi kama kinara cha mishumaa unaouona ukielekea Bonde la Ufa, ambao wengi wetu tumekua tukiuita kakati, ni Euphorbia. Kinachozitofautisha ni hiki: miiba ya kakati huchomoza kutoka kwenye kidoa kidogo chenye manyoya, na ukiukata hutoa maji maji au ute. Euphorbia hutoa maziwa meupe. Maziwa hayo huchoma ngozi, yakiingia jichoni huwasha kama moto, na wapo watu waliokaa siku kadhaa bila kuona sawasawa kwa sababu ya tone moja. Bibi zetu waliopanda kariaria kuzunguka boma walituonya kuhusu hilo kabla ya mwalimu yeyote wa kemia.

Yule kijana alikuwa amepanga kuukatakata na kuuchemsha jioni ile ile, kwenye chumba kimoja anachopikia na kulala.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikilizungusha jambo hili akilini, kwa sababu si la kijana mmoja. Nimelizungumza na watu wawili ninaowaheshimu. Mmoja ni mama muuguzi wa ploti ya pili, ambaye amefanya kazi ya wadi ya dharura miaka mingi. Aliniambia ningepaswa kuuchukua ule mkebe, niutupe, na nimkanye kijana kwa ukali. Mwingine ni mwanafunzi wangu wa zamani ambaye sasa anapima ubora wa rangi katika kiwanda kimoja Industrial Area. Huyu aliniuliza kwa uchungu, "Mwalimu, kama sisi tungekanywa hivyo, leo ningekuwa wapi?" Wote wawili wana hoja, na nataka kuzipima kwa haki.

Kwanza neno lenyewe. Alkaloidi ni jina la kundi kubwa la kemikali za mimea zenye nitrojeni, na nyingi zina tabia ya besi, ndiyo maana jina linafanana na alkali. Kafeini ya chai na kahawa ni alkaloidi. Nikotini ya tumbaku ni alkaloidi. Kwinini iliyotibu malaria kwa vizazi ni alkaloidi, na mofini anayochomwa mgonjwa wa saratani ili maumivu yatulie pia ni alkaloidi. Mmea hauzitengenezi kwa ajili yetu. Mara nyingi ni silaha: ni uchungu wa kumfukuza mnyama anayetafuna, au sumu ya kumlemaza mdudu. Hata kafeini, ambayo kwetu ni ya kuamshia akili asubuhi, huwa sumu kwa wadudu. Kwa hiyo anayeuliza habari za alkaloidi anauliza jinsi viumbe wasio na miguu wanavyojitetea. Sioni swali zuri kuliko hilo katika kemia yote ya sekondari.

Ukitazama historia, upande wa mwanafunzi wangu una nguvu. Mofini ilitengwa na Friedrich Sertürner, msaidizi wa duka la dawa huko Ujerumani, aliyekuwa na umri wa miaka 20 na kitu, mwanzoni mwa karne ya 19. Hakuwa profesa. Kafeini ilitengwa mwaka 1819 na Friedlieb Runge, kijana wa miaka 25. Mwaka uliofuata, Wafaransa wawili, Pelletier na Caventou, wakatenga kwinini kutoka kwenye magamba ya mti wa sinkona. Meskalini yenyewe ilitengwa mwaka 1897 na Arthur Heffter, na mwaka 1919 Ernst Späth akaitengeneza maabarani bila kakati. Sayansi ya dawa tuliyo nayo ilianza na watu wenye vyombo vichache na hamu kubwa.

Na wala si Ulaya peke yake. Dawa ya moyo iitwayo wabaini ilipata jina lake kutokana na neno la Kisomali, waabaayo, yaani sumu ya mshale. Kwa lugha ya kitaalamu hiyo si alkaloidi, lakini kisa chake kinafanana. Kabla ya Mzungu yeyote kuiandika kwenye daftari, kuna mtu wa pembe hii ya Afrika aliyejua mti upi, sehemu ipi ya mti, achemshe kwa muda gani, na aache lini. Wakamba na Wagiriama nao wana ujuzi wao wa sumu za mshale. Mtu akiniambia kwamba kutaka kujua kilichomo ndani ya mti ni tabia ya kuigiza ya vijana wa siku hizi, namkatalia. Ni urithi.

Lakini historia hiyo hiyo ina ukurasa ambao wapenda majaribio huuruka. Sertürner alimeza mofini aliyoitenga, akawapa na vijana watatu, na kipimo chake kikawa kikubwa mno kiasi kwamba nusura wafe wote. Heffter naye aligundua ni kemikali ipi ya kakati inayoleta maono kwa kuzimeza yeye mwenyewe, moja baada ya nyingine. Ni bahati kwamba hakukuwa na yenye kuua kati yao. Tunawajua hawa kwa majina kwa sababu waliishi. Wale ambao kipimo kiliwashinda hawakuandika makala. Hata wale wajuzi wa sumu za mshale hawakumfundisha kila mtoto wa kijiji. Ujuzi ulipitia kwa mtu aliyefuata mtu, miaka kwa miaka, kwa sababu kosa la kwanza lilikuwa kosa la mwisho.

Hapa ndipo mama muuguzi anaposimama, na kinachomsumbua si sheria. Ni chumba.

Fikiria vyumba ambamo vijana wengi wa Nairobi wanaishi. Bedsitter ya Pipeline au Kayole, mita tatu kwa nne, mtungi wa gesi uko hatua moja kutoka kitandani, dirisha moja linalotazama ukuta wa ploti ya jirani. Njia nyingi za kutenga alkaloidi hutegemea vimiminika vinavyoshika moto upesi. Maabarani huwa tunavitumia chini ya kabati lenye feni inayovuta mvuke nje, mbali na moto, na mchanga ukiwa tayari kwenye ndoo. Nyumbani mtu hutafuta kinachofanana navyo: petroli, thina ya rangi, spiriti. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Haupandi darini ukatoka. Hutambaa sakafuni kama maji, unapita chini ya mlango, unafika kwenye jiko la jirani ambaye hata hajui kuna jaribio linafanyika. Wananairobi hatuhitaji kufundishwa habari hii. Tarehe 12 Septemba 2011, mafuta yaliyovuja kwenye bomba yalishika moto katika mtaa wa Sinai, na zaidi ya watu 100 wakafa. Mafuta yale yalikuwa mengi mno, mizani si sawa, nakubali. Lakini tabia ya mvuke ni ile ile, iwe tangi au sufuria.

Kisha kuna kinachobaki chini ya sufuria. Yule kijana aliniambia angejua amefanikiwa akiona unga mweupe. Nikamuuliza: utajuaje ni unga wa nini? Alinyamaza. Chumvi ni nyeupe, magadi ni meupe, na sumu nyingi ni nyeupe. Kiwandani na chuoni kuna mashine za kutambua kilichopatikana na kiasi chake. Jikoni kuna macho na ulimi, na ulimi ndio kipimo kibaya kuliko vyote. Mwezi Mei mwaka 2014 makumi ya watu walikufa katika kaunti kadhaa za nchi hii, na wengine wakapofuka, kwa kunywa pombe iliyokuwa na methanoli. Methanoli ikikaa ndani ya glasi, jicho haliwezi kuitofautisha na ethanoli, pombe ya kawaida. Mwilini ini huigeuza kuwa asidi ya fomiki, na asidi hiyo hushambulia mshipa wa fahamu wa jicho. Wale marehemu hawakuwa wajinga. Hawakuwa na njia ya kujua walichoshika mkononi. Mtu anayepika alkaloidi nyumbani yuko katika giza hilo hilo, hata awe na A ya kemia.

Mama muuguzi ana neno moja ambalo sikuwa na jibu lake. Alisema, "Ninyi walimu mnaona swali. Mimi humwona mtu saa nane za usiku akiletwa na bodaboda, na wenzake hawataki kusema amekula nini kwa sababu wanaogopa polisi." Hofu ya sheria, kwa maneno yake, humchelewesha mgonjwa. Kwa hiyo hata yeye, aliyetaka mkebe utupwe, haamini kwamba vitisho ndivyo dawa.

Kuhusu sheria nitasema machache, kwa kuwa iko wazi. Meskalini imo katika Jedwali la Kwanza la Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1971 kuhusu kemikali zinazoathiri akili, na Kenya ina sheria yake ya dawa za kulevya tangu mwaka 1994. Mkataba unaitaja kemikali kwa jina, hauutaji mmea. Watu wengi wanapanda kakati za mapambo na hawana kosa. Anayekitoa kiini nje ya mmea ndiye anayevuka mstari.

Kijana alinirushia hapo hapo hoja ambayo nilijua inakuja: "Na miraa, Mwalimu? Si hiyo pia ni alkaloidi, na tunaitafuna mchana kweupe?"

Ni hoja nzito na inastahili jibu la kweli, kwa sababu nchi yetu inaijua miraa vizuri. Kiini chake kikubwa ni kathinoni, ambayo huanza kuharibika mara kijiti kinapokatwa. Ndani ya siku mbili hivi nguvu yake imeshuka sana, inageuka kuwa kathini ambayo ni dhaifu zaidi. Ndiyo maana mafungu hufungwa kwa majani ya mgomba yasikauke, na ndiyo maana pikapu za kutoka mji wa Maua, Meru, huteremka kuja Nairobi kwa kasi inayowatisha wasafiri wengine wote barabarani. Dereva yule anashindana na kemia. Sasa tazama: kathinoni safi imo katika Jedwali la Kwanza la mkataba ule ule wa 1971, pamoja na meskalini, ilhali jani la miraa halimo. Uingereza ilipiga marufuku miraa mwaka 2014. Hapa kwetu ni zao linalotambuliwa na sheria za kilimo. Mtu anaweza kusema huo ni unafiki. Mimi naona kuna busara ndani yake, hata kama haikukusudiwa. Jani lina breki. Taya huchoka, tumbo hujaa, saa zinapita, na kiasi kinachoingia mwilini kwa wakati mmoja kina mpaka wake. Kiini kilichotengwa hakina breki yoyote isipokuwa mizani, na mizani ya jikoni inayopima unga wa ugali haiwezi kupima miligramu.

Lakini siwezi kutumia hoja hiyo kusema miraa haina madhara. Nimewaona wanafunzi walioacha shule kwa sababu ya muguka, aina ya miraa. Ninachosema ni kwamba tofauti kati ya mmea na kiini ni ya kweli, na anayependa kemia angepaswa kuiona upesi kuliko mtu mwingine.

Kuna upande mwingine wa suala hili ambao huku kwetu hauzungumzwi, nao ni wa kakati wenyewe na wenyewe wa kakati. Peyote, ile kakati ndogo isiyo na miiba inayoota kusini mwa Texas na kaskazini mwa Meksiko, hukua polepole mno. Tangu mbegu hadi kukomaa inaweza kupita miaka 10 au zaidi. Kwa Wawixárika wa Meksiko na kwa waumini wa Native American Church huko Marekani, ni kitu cha ibada, na sheria ya Marekani ya mwaka 1994 inawalinda Wahindi Wekundu wanaoitumia hivyo. Imepungua sana porini, kwa kuchimbwa na kwa mashamba kulimwa. Karibu jamii nzima ya kakati imewekwa chini ya mkataba wa CITES unaosimamia biashara ya viumbe vya porini. Mtu aliye Nairobi akiagiza peyote ili akidhi udadisi wake, kuna mzee huko anayeikosa kwenye ibada yake. Sisi tulioona msandali wetu ukikatwa na kusafirishwa nje kwa magendo tunaujua uchungu huo.

Nikizipima pande hizi mbili, sipati katikati. Kwa jambo la kutenga alkaloidi ya kakati nyumbani, mama muuguzi ana haki kwa asilimia mia. Sikumpa kijana hatua hata moja, na sitampa. Lakini kwa jambo la kijana mwenyewe, mwanafunzi wangu wa zamani ndiye mwenye haki, na hapo ndipo roho inaponiuma.

Shule niliyofundisha mwisho ilikuwa na bureti 8 kwa darasa la wanafunzi 54. Karatasi ya tatu ya kemia, ile ya vitendo, ilikuwa ikitufikia kama mvua ya mawe. Wiki tatu kabla ya mtihani ndipo wengi waliposhika pipeti kwa mara ya kwanza, watoto saba kwa chombo kimoja, mmoja akipima na sita wakinakili. Walijifunza rangi inabadilika kutoka waridi kuwa isiyo na rangi, lakini hawakuwahi kupata muda wa kuuliza kwa nini. Baada ya KCSE, mtihani wa kumaliza kidato cha nne, mlango unafungwa kabisa. Mwenye hamu ya kompyuta ana cyber, ana simu, ana vibanda vya Luthuli Avenue ambako atanunua vipuri na kuulizwa anajenga nini. Mwenye kipaji cha mpira ana kiwanja cha vumbi. Mwenye hamu ya kemia, akikosa chuo, hana mahali popote katika jiji hili la mamilioni ya watu. Maabara za shule zina kufuli tangu Ijumaa jioni hadi Jumatatu. Halafu tunashangaa akigeuza jiko kuwa maabara.

Basi nilimpigia mwalimu mwenzangu anayefundisha bado, tukaomba saa mbili za Jumamosi kwenye maabara yao. Nikamwambia kijana aje na pakiti ya majani chai, ya kawaida, ya dukani.

Majani makavu ya chai yana kafeini asilimia 2 hadi 4 ya uzito wake. Na kafeini ina tabia moja ya ajabu: ikipashwa moto ipasavyo, karibu nyuzi 178 za Selsiasi, hupaa kutoka kuwa kitu kigumu hadi mvuke bila kupitia umajimaji, na ikigusa kitu baridi hurudi kuwa fuwele. Haihitaji petroli wala thina. Tuliweka vijiko viwili vya majani kwenye bakuli la kauri, tukafunika kwa kioo cha saa, yaani kisahani cha kioo cha maabara, chenye vipande vya barafu juu yake, tukawasha moto mdogo chini, tukafungua madirisha yote. Kwa dakika kumi hakukuwa na kitu ila harufu ya chai iliyoungua na matone ya unyevu. Kijana alianza kuangalia mlango. Dakika ya kumi na tano hivi, mwenzangu akainamisha taa ya mezani. Chini ya kioo palikuwa pameota nywele nyeupe, nyembamba kuliko uzi wa buibui, zimesimama kwa mafungu kama nyasi za umande. Tuliinua kioo polepole. Kijana alikitazama bila kupumua, akasema kwa sauti ya chini, "Hii ilikuwa ndani ya chai ya mathe miaka yote hii."

Hatukuionja. Tuliipima kama inayeyuka kwenye maji moto, tukaandika, tukaosha vyombo.

Najua pingamizi lake, kwa sababu yeye mwenyewe alilitoa tukiwa kwenye matatu ya kurudi. Chai si kakati. Hakuna anayesimulia mambo ya kustaajabisha kuhusu chai. Sehemu ya mvuto wa meskalini ni sifa yake, na sifa hiyo maabara ya Jumamosi haiwezi kuitoa. Wapo watakaoendelea kuutafuta mlango ule, na kwao sina jibu zaidi ya ukweli kuhusu mvuke, unga mweupe, na wadi ya dharura. Lakini kwa wengi ninaowajua, sifa ilikuwa chambo tu. Njaa yenyewe ni ya kuona kitu kikitokea mikononi mwao.

Na kama ni kakati hasa anayotaka mtu, Kenya ina kakati inayolia itafutiwe wanakemia. Mpungate ulioletwa kutoka Amerika kuwa ua na pambo umetapakaa Laikipia na kumeza malisho. Vijiba vya tunda lake vimejaa miiba midogo inayotoboa midomo na macho ya mbuzi na ng'ombe. Katika muongo uliopita waliletwa wadudu wadogo wa jamii ya kochinili ili waushambulie. Ukimponda mdudu huyo kidoleni hutoa wekundu mzito kama damu, na ndiyo familia iliyoipa dunia rangi ya kamini kwa karne nyingi. Tunda lenyewe lina rangi ya zambarau ambayo hugeuka ukibadilisha asidi kuwa besi. Wapo akina mama wa huko wanaotengeneza jemu na juisi kwa tunda hilo, na mmea wenyewe huweza kutoa gesi ya kupikia. Hayo yote ni kemia, ni halali, na ni shida ya mfugaji wa kweli. Chuo Kikuu cha Nairobi kina wanakemia pale Chiromo, na icipe, kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu, iko Kasarani, ikiendeleza kazi ya Thomas Odhiambo aliyeianzisha mwaka 1970 kwa kuamini kwamba Mwafrika anaweza kuuliza maswali magumu ya sayansi akiwa nyumbani kwake. Matatu kutoka Umoja hadi Kasarani haichukui hata saa moja barabara ikiwa wazi. Lakini kijana wa vikasha vya simu ataingilia mlango gani pale, na atajitambulisha kama nani? Mtaala mpya una njia ya STEM, yaani sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, katika sekondari ya juu, na naufurahia, ila hautamsaidia ambaye tayari yuko nje ya lango.

Ndiyo maana ombi letu ni dogo. Tumemwandikia mwalimu mkuu wa shule ile tukiomba maabara Jumamosi mbili kwa mwezi, kwa vijana wa mtaa waliomaliza shule, mwenzangu na mimi tukisimamia bila malipo. Mama muuguzi amekubali kuja siku ya kwanza kuwafundisha la kufanya kemikali ikiingia jichoni. Barua aliiandika kijana kwa mkono wake, kurasa mbili, na mwishoni akaambatanisha orodha ya vifaa. Kitu cha kwanza kwenye orodha ni miwani ya usalama 12. Cha pili ni ndoo ya mchanga. Ule mmea wa maziwa bado anao. Ameuhamishia juu ya paa, mbali na watoto, na amebandika karatasi kwenye mkebe yenye jina lake sahihi.